Nyumba ya mawe kijijini Italia: iliyokarabatiwa, gofu, au ile ya katikati?

Tuchukue kichochoro kimoja cha kijiji cha mlimani huko Lunigiana, pale Toscana inapopakana na Liguria. Nyumba tatu zinauzwa. Ya kwanza ina paa jipya, mabafu mawili, jiko la kisasa na kuta za mawe zilizosafishwa zikaachwa wazi. Bei yake ni euro 95,000, na muuzaji ni kampuni ya ujenzi iliyoikarabati mwaka juzi. Ya pili, milango michache kutoka hapo, ni gofu: paa limebonyea, sakafu ya juu haikanyagiki, mtini umeota ukutani. Euro 18,000. Ya tatu iko katikati kwa bei na kwa sura. Familia moja iliikarabati miaka ya themanini, kisha mwaka jana ikaipaka rangi upya ili iuzike. Euro 62,000.

Bei hizi ni za mfano, ili tupate pa kupigia hesabu. Aina zenyewe tatu utazikuta vijiji vyote, kuanzia Liguria hadi Sicilia. Watu wanaotafuta nyumba ya likizo hubishana kuhusu ya kwanza na ya pili: ulipe zaidi uingie na mabegi yako, au ulipe kidogo ujenge kwa ladha yako. Kwa maoni yangu wanabishania pasipo. Nyumba inayowaliza watu ni ya tatu, kwa sababu inauzwa kama iliyokarabatiwa ilhali hakuna anayeweza kuonyesha nani alifanya nini, lini, na kwa kibali gani.

Kwanza pasipoti

Kabla ya mawe, angalia pasipoti yako. Kifungu cha 16 cha masharti yanayotangulia Sheria ya Kiraia ya Italia ya mwaka 1942 kinampa mgeni haki za kiraia kwa sharti kwamba nchi yake nayo inawapa Waitaliano haki hizo. Mwenye uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya haguswi na sharti hilo. Anayeishi Italia kihalali kwa kibali cha kazi, cha familia au cha masomo naye yuko salama. Mwenye swali la kujibu ni anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Muscat kwa pasipoti ya nyumbani, na hapo sheria zetu za ardhi zinatufuata mpaka Ulaya. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mgeni umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99. Waitaliano wenye majumba Malindi na Watamu wanayajua hayo vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa notaio, yule ofisa wa sheria anayeandika na kusajili hati ya mauzo, ni hili: je, mimi kwa uraia wangu naweza kununua? Ataangalia msimamo wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Italia kuhusu nchi yako. Omba jibu kwa maandishi, kabla hujatoa senti moja.

Na ieleweke kuwa nyumba haikupi viza. Asiye na ukaazi wa Ulaya ana siku 90 ndani ya kila siku 180 katika eneo la Schengen, awe na nyumba au asiwe nayo. Ukiwa na ndoto ya kukaa kuanzia Aprili hadi Oktoba, piga hesabu hiyo kwanza, kwa sababu nyumba ya miezi mitatu na nyumba ya miezi saba hazistahili bei moja mfukoni mwako.

Gofu: bei ya kiingilio

Habari za nyumba za euro moja zimezunguka dunia nzima. Wazo lilianzia Salemi, Sicilia, mwaka 2008, likaenea Gangi, Mussomeli, Sambuca na kwingineko. Si uongo, ila ni bei ya kuingilia mlangoni tu. Mussomeli na Sambuca zilitaka mnunuzi aweke dhamana ya euro 5,000 na akamilishe ukarabati ndani ya miaka mitatu, la sivyo dhamana inapotea. Kodi ya usajili nayo ina kima cha chini cha euro 1,000, hata kama nyumba umeipata kwa euro moja.

Tuseme gofu letu la Lunigiana lina mita 80 za mraba. Ukarabati kamili wa nyumba ya mawe, yaani paa, sakafu, umeme, mabomba, madirisha na choo, ni nadra kushuka chini ya euro 1,000 kwa mita ya mraba. Ukiongeza uimarishaji dhidi ya tetemeko na njia nyembamba isiyopitisha lori, 1,500 haishangazi. Kwa hesabu ya chini kabisa umeshafika euro 98,000, kabla ya kumlipa mhandisi, geometra anayechora ramani na kufuatilia vibali, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10 juu ya kazi ya ukarabati. Nyumba ya kwanza, ile ya 95,000, inaanza kuonekana ya bei nafuu.

Lakini bei si jambo zito kuliko yote hapa. Zito ni kutokuwepo kwako. Fundi mwashi wa kijijini ana kazi tano kwa wakati mmoja, na anayepata fundi ni yule anayepita kila asubuhi kuuliza kulikoni. Mwenye nyumba aliye Birmingham au Abu Dhabi anapata picha za simu. Kama kijiji kiko ndani ya eneo lenye ulinzi wa mandhari chini ya Kanuni ya Urithi wa Utamaduni ya mwaka 2004, hata rangi ya madirisha na aina ya vigae hupitia idhini, na ofisi ya Soprintendenza, ile ya serikali inayolinda urithi, haina haraka na likizo yako. Punguzo la kodi la ukarabati linalosifiwa sana na Waitaliano linamfaa anayelipa kodi ya mapato Italia. Wewe unayelipa kodi yako Uingereza huna pa kulikata.

Nani basi anafaa kununua gofu? Anayeishi saa moja au mbili kutoka pale, au mwenye ndugu hapo karibu anayejua ujenzi na asiyeona haya kugombana. Au yule ambaye kujenga kwenyewe ndiyo starehe yake. Watu hao wapo, na matokeo yao huwa mazuri kuliko ya kampuni yoyote. Wengine wote, tuwe wakweli, wananunua kazi ya pili isiyo na mshahara.

Iliyokarabatiwa na kampuni

Hapa unalipa zaidi mara mbili: kwenye bei, na kwenye kodi. La pili ndilo wanunuzi wengi hawaambiwi mapema.

Ukinunua nyumba ya likizo kwa mtu binafsi, kodi ya usajili ni asilimia 9. Asilimia hiyo haihesabiwi kwenye bei uliyolipa ikiwa utaomba utaratibu unaoitwa prezzo-valore. Inahesabiwa kwenye thamani ya daftari la majengo: unachukua rendita, yaani kipato cha kukadiriwa kilichoandikwa katika catasto, unazidisha kwa 126. Nyumba yenye rendita ya euro 300 inapata thamani ya 37,800, na asilimia 9 yake ni euro 3,402. Ongeza euro 100 za kodi nyingine mbili ndogo za usajili. Jumla 3,502.

Ukinunua nyumba hiyo hiyo kwa kampuni iliyoikarabati, na hazijapita miaka mitano tangu kazi ikamilike, unalipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10 juu ya bei nzima. Kwa 95,000 ni 9,500, na kodi tatu za euro 200 kila moja. Jumla 10,100. Tofauti ya euro 6,598 ingetosha kuweka jiko la kuni na kulipa kodi ya majengo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo unapolinganisha matangazo mawili, usilinganishe bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Uliza kwanza: muuzaji ni nani, kampuni au mtu?

Unachopata kwa fedha hizo za ziada ni dhamana, na dhamana si neno tupu. Kifungu cha 1669 cha Sheria ya Kiraia kinamfanya mjenzi awajibike kwa miaka kumi kwa kubomoka au kasoro kubwa za jengo, na mwaka 2017 Mahakama ya Cassazione, ya juu kabisa kwa rufaa nchini, katika kikao chake cha pamoja, ilisema wajibu huo unahusu pia kazi za ukarabati, si nyumba mpya peke yake. Linganisha na ununuzi wa kawaida kutoka kwa mtu binafsi. Huko kasoro iliyofichika unatakiwa kuitaarifu ndani ya siku nane tangu uigundue, na kesi ife baada ya mwaka mmoja tangu ukabidhiwe. Siku nane! Mtu aliyekabidhiwa funguo Oktoba na kurudi Aprili anaweza kuukuta ukuta umelowa, akawa na wiki moja tu ya kuandika barua yenye maana kisheria kwa lugha asiyoijua.

Dhamana ya miaka kumi ina tundu lake. Kampuni ndogo nyingi za aina ya srl, yaani zenye dhima yenye kikomo, huundwa kwa mradi mmoja, zikauza, zikafungwa. Uliza kampuni ina miradi mingapi nyuma yake, na uende ukaitazame mmojawapo uliomalizika miaka mitano au zaidi iliyopita. Nyumba iliyokarabatiwa mwaka juzi bado haijasema chochote. Iliyopita majira matano ya baridi imeshasema.

Ile ya katikati

Sasa twende kwenye nyumba ya 62,000. Inapendeza. Imepakwa chokaa nyeupe, ina vigae vya udongo sakafuni, mama mwenye nyumba amekutengenezea kahawa. Vikwazo vyake vimo kwenye makaratasi na kwenye dari.

Kuhusu makaratasi: tangu mwaka 2010 hati ya mauzo haina nguvu kama muuzaji hatamki, au mtaalamu hathibitishi, kwamba ramani iliyo katika catasto inalingana na nyumba ilivyo. Dalali atakuambia, "Usijali, catasto iko sawa." Sikiliza vizuri. Catasto ni daftari la kodi. Bafu lililojengwa mwaka 1985 bila kibali linaweza kuingizwa catasto kesho asubuhi, na halmashauri ikaendelea kutolitambua. Unachohitaji ni ulinganifu wa pili, wa vibali vya ujenzi: mafaili yaliyoko ofisi ya ufundi ya comune, yaani halmashauri, yanayoonyesha kila dirisha lililofunguliwa, kila ukuta uliovunjwa na kila ghala lililogeuzwa chumba baada ya tarehe 1 Septemba 1967, tarehe ambayo sheria huitumia kama mpaka kati ya majengo ya zamani na mapya. Kuhalalisha kosa dogo kunawezekana kwa faini. Kosa la kimo au la ukubwa linaweza kuwa halina dawa, na ukishanunua ni lako.

Nyaya za umeme za miaka ya themanini hazina cheti cha kufuata kanuni, kwa sababu sheria iliyoanza kukidai ni ya mwaka 1990. Hilo peke yake si balaa, ni gharama tu, ila ikate kwenye bei.

Halafu mirathi. Msomaji yeyote aliyewahi kushuhudia nyumba ya babu ikigawanywa anajua habari hii, na Italia iko vile vile. Chumba cha chini ni cha binamu aliyehamia Argentina, ngazi ni za wawili, ghala lililo chini ya sebule yako lina mlango unaofungukia kichochoro kingine na mwenye ufunguo hajulikani. Katika vijiji hivi nyumba zimeshikamana na kupandana, na umiliki nao umepandana. Mrithi mmoja asiposaini, hamna mauzo. Na aliyesaini lazima awe amekubali urithi wake na kukubali huko kumesajiliwa. Notaio ndiye anayechimba hayo, na notaio huchaguliwa na mnunuzi. Usikubali kuchaguliwa na dalali, ambaye naye anakudai kamisheni kama anavyomdai muuzaji.

Kuhusu dari, hapa ndipo ukarabati wa zamani unapoweza kuwa mbaya kuliko kutokarabati. Baada ya matetemeko ya Friuli mwaka 1976 na Irpinia mwaka 1980, mafundi wengi waliondoa boriti za mbao wakaweka sakafu na mapaa ya zege juu ya kuta za mawe, wakiamini zege ni nguvu. Tetemeko la Umbria na Marche la mwaka 1997 lilionyesha upande wa pili: zege zito juu ya ukuta dhaifu wa mawe na udongo hugeuka nyundo. Agosti 24, 2016, tetemeko la Italia ya kati likarudia somo kwa ukali. Watu 299 walikufa, wengi wao katika mji wa Amatrice. Norcia, mji usio mbali na hapo, uliokuwa na kanuni za ujenzi tangu tetemeko la 1859 na ulioimarishwa tena baada ya matetemeko ya 1979 na 1997, hakufa mtu usiku ule.

Kwa hiyo muulize mhandisi wako, si dalali: juu ya kuta hizi kuna nini? Boriti za chestnut na mbao ni habari njema. Vyuma virefu vinavyopita ndani ya nyumba na kushikwa nje kwa vitasa vya chuma, vinavyoitwa catene, ni habari njema zaidi. Zege la mwaka 1983 juu ya mawe yasiyoungwa ni sababu ya kuaga kwa heshima, hata kama kahawa ilikuwa nzuri.

Kusoma ukuta

Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hapa ana faida. Anajua ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavyopumua, na anajua kinachotokea fundi wa haraka anapoupiga plasta ya saruji: unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, plasta inavimba na kupukutika. Mawe ya Apennini, safu ya milima inayopita katikati ya Italia, ni mengine lakini kanuni ni hiyo hiyo. Ukiona saruji ya kijivu imezibwa katikati ya mawe ya nje, au rangi ya plastiki ndani, ujue tatizo limefunikwa.

Nenda uione nyumba mwezi Novemba au Februari. Mwezi Julai kila nyumba ya mawe ni kavu na baridi ya kupendeza. Weka mkono kwenye ukuta wa nyuma ulioegemea mlima, sogeza kabati, nusa nyuma yake. Kuta za mawe zilizoachwa wazi ndani ya vyumba hupendwa kwenye picha, ila huachia vumbi la mchanga kitandani na hupoteza joto. Mimi ningependelea nyumba iliyopakwa chokaa ndani. Cheti cha nishati, kinachoanzia A4 hadi G, ni lazima muuzaji akupe. Nyumba hizi mara nyingi huwa karibu na G, na usishtuke. Shtuka ukiona iliyokarabatiwa "kikamilifu" nayo iko G, maana yake hawakugusa paa.

Mahali: Lunigiana, Abruzzo, Valle d'Itria

Lunigiana ina faida ya njia. Barabara kuu ya A15 kati ya Parma na La Spezia inapita bondeni, reli ipo, na viwanja vya ndege vya Pisa, Genova na Parma vinafikika. Bahari haiko mbali. Bei zake kwa kawaida ni za chini kuliko za Chianti, ile Toscana ya kadi za posta. Ubaya wake ni mvua nyingi, mapaa ya mawe mazito, na ardhi inayotikisika. Tetemeko la tarehe 7 Septemba 1920 liliharibu Fivizzano na vijiji vya jirani.

Abruzzo ni nafuu zaidi, na ina mlima na bahari katika siku moja, kwa uwanja wa ndege wa Pescara. Santo Stefano di Sessanio, kijiji kilicho juu ya mita 1,200, kinaonyesha mawe yakikarabatiwa kwa subira yanakuwaje. Nyumba zake kadhaa ziligeuzwa hoteli iliyotawanyika kijijini. Kinaonyesha pia hatari: mnara wake wa zamani ulianguka katika tetemeko la L'Aquila la Aprili 6, 2009, lililoua watu 309, ukajengwa upya. Huku mimi singenunua nyumba isiyo na mafaili ya uimarishaji yaliyowasilishwa Genio Civile, ofisi inayosimamia usalama wa ujenzi dhidi ya tetemeko. Liwe sharti la kwanza, kabla ya kuzungumza bei.

Valle d'Itria, Puglia, ni habari nyingine kabisa: Locorotondo, Cisternino, Martina Franca, na Alberobello iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996 kwa sababu ya trulli zake, nyumba za mawe zenye mapaa ya koni yaliyopangwa bila kiungio. Tetemeko si hofu kubwa kama Apennini, viwanja vya Bari na Brindisi viko karibu, na msimu ni mrefu. Ubaya ni kwamba kila mtu anajua hivyo, na bei inajua. Trullo nayo ni ndogo ndani, huhifadhi unyevu, na fundi anayejua kupanga paa lake kwa mikono hutoza ipasavyo. Kwa anayetaka kupangisha ili nyumba ijilipie, huku ndiko. Kwa anayetaka kimya, Abruzzo.

Nyumba ya shambani yenye ardhi sitaichambua sana. Ina shimo la maji taka la kutunza, barabara ya kokoto, majani ya kufyeka, na mkulima jirani anaweza kuwa na haki ya kupewa nafasi ya kununua kabla yako. Kijijini majirani wenyewe ni walinzi. Bibi wa dirisha la mbele atajua bomba limepasuka kabla yako.

Gharama zisizolala

Nyumba ya likizo hulipiwa kodi ya majengo, IMU, ambayo mkaazi halipi kwa nyumba yake ya kawaida. Kwa rendita ile ile ya 300: ongeza asilimia 5, zidisha kwa 160, unapata 50,400. Halmashauri inayotoza asilimia 1.06 itakudai euro 534 kwa mwaka, nusu ifikapo Juni 16 na nusu Desemba 16. Juu yake kuna kodi ya taka, umeme wa asiye mkaazi ambao gharama zake za kudumu ni kubwa, bima, na mtu wa kufunga maji kabla ya barafu. Nyumba ya kwanza na ya tatu zinafanana hapa. Zinapotofautiana ni kwenye matengenezo.

Ukitaka kuipangisha kwa wageni, siku hizi lazima uwe na namba ya utambulisho ya kitaifa, CIN, pamoja na vitambuzi vya gesi na kizimamoto, na kila mgeni aandikishwe polisi. Kodi ya mkato juu ya mapato ya kupangisha ni asilimia 21 kwa nyumba moja. Vijiji vya mlimani hujaa Agosti, karibu na sikukuu ya Ferragosto, kisha hunyamaza. Usiweke kipato cha wiki 20 kwenye hesabu zako. Na ukiuza kabla ya miaka mitano kwa faida, faida hiyo hutozwa, kwa kawaida kwa asilimia 26 ukichagua kulipia mbele ya notaio.

Ningechagua ipi

Kwa Mswahili anayeishi London, Rotterdam au Doha na atakayekwenda mara mbili tatu kwa mwaka: ya kwanza, licha ya kodi yake. Afadhali zaidi ni binamu yake asiyekuwemo kwenye kichochoro chetu, nyumba iliyokarabatiwa na mtu binafsi miaka sita au minane iliyopita, yenye vibali vyote na mafaili ya mhandisi. Hiyo ina kodi ya 3,502 na majira ya baridi ya kutosha kuonyesha kuta zake. Ukiipata kwa 90,000 usipoteze mwezi mzima ukijaribu kushusha elfu mbili.

Anayeishi Milano au Bologna na ana Jumamosi zake: gofu, kama paa bado halijaanguka lote.

Ya tatu ichukuliwe kwa bei ya gofu lenye maji na umeme, si kwa bei ya nyumba. Muuzaji akikataa, mwache.

Na anayekwenda wiki mbili tu kila Agosti apange nyumba ya mtu. IMU, bima na umeme peke yake vinakaribia kodi ya pango ya wiki moja nzuri.

Ukiamua, usitie saini ombi la kununua lililochapishwa na dalali kabla halijaongezwa mstari unaosema ununuzi unategemea ripoti ya geometra kuhusu vibali na catasto. Ombi hilo likikubaliwa na muuzaji linakufunga. Katika mkataba wa awali, compromesso, arbuni ina meno pande zote mbili: wewe ukijitoa unaipoteza, muuzaji akijitoa anakurudishia maradufu. Fedha zipite benki, kwa sababu hati ya mauzo hueleza kila malipo yalivyofanyika na taslimu ya euro 5,000 au zaidi hairuhusiwi. Tangu mwaka 2017 unaweza pia kudai bei yote ikae kwenye akaunti ya notaio mpaka usajili ukamilike, bila kumwomba muuzaji ridhaa. Kama hujui Kiitaliano, hati itaandikwa kwa lugha mbili na kusomwa mbele ya mashahidi, au utampa mtu unayemwamini wakala wa kusaini. Mkalimani ujitafutie mwenyewe, asiwe mpwa wa dalali.